Parafujo za Motokaa ya Kale

Watu wengi waonapo motokaa ya kale iliyotengenezwa upya husifu rangi yake, ngozi ya viti vyake na mng'ao wa taa zake. Ni wachache wainamao kutazama kilichoshika rangi, viti na taa pamoja. Bolti, nati na parafujo ni watumishi wasioitwa karamuni, walakini karamu haiwi bila ya wao. Rangi ikikosewa, gari hupata aibu. Bolti ikikosewa, gari hupata hatari, na mwendeshaji wake pia. Kwa hiyo mtu atakaye kulirejesha gari la namna hiyo katika hali yake ya asili hung'amua, mapema au baadaye, kwamba shida yake haiko katika injini wala katika bodi tu. Iko pia katika kikopo cha vyuma vidogo alivyovifungua kwa mkono wake mwenyewe, na ambavyo sasa havioni tena madukani.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jambo hili. MG TC ni motokaa ya spoti ya watu wawili iliyoundwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1945 hata mwaka 1949. Ziliundwa kiasi cha 10,000, na nyingi zilivuka bahari kwenda nchi nyingine. Ina magurudumu marefu ya spoki, usukani upande wa kulia, bodi ya bati iliyopigiliwa juu ya kiunzi cha mbao, na injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,250 iitwayo XPAG. Ni gari jepesi, wala si gumu kulielewa. Fundi mwenye subira aweza kulifungua lote akalipanga sakafuni katika muda wa majuma machache. Kulifunga tena ndiyo kazi, maana gari hili dogo limekusanya ndani yake jamaa tatu za hesi zisizooana.

Hesi ni ule mfuo uzungukao shina la bolti kama mkwezi auzungukavyo mnazi kwa kamba yake. Jicho lisilozoea huona hesi zote kuwa sawa. Lakini kila hesi ina unene wake, idadi yake ya mizunguko katika kila inchi, na pembe yake kati ya mgongo mmoja na mwingine. Moja katika hayo matatu likitofautiana, nati haikubali, au hukubali kwa hila, na hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Zamani kila karakana ilikata hesi ilizozipenda. Bolti iliyotoka karakana moja haikuingia katika nati ya karakana ya pili, na mtambo ulipoharibika ilikuwa hapana budi kumtafuta yule yule aliyeuunda. Mtu aliyeondoa machafuko hayo katika Uingereza ni Joseph Whitworth, aliyezaliwa Stockport mwaka 1803, akafanya kazi London katika karakana ya Henry Maudslay, kisha akafungua karakana yake mwenyewe Manchester mwaka 1833. Whitworth hakukaa akabuni kipimo kichwani mwake. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani wake. Mwaka 1841 aliwapelekea wahandisi wenziwe pendekezo la kipimo kimoja: pembe ya digrii 55, yenye migongo na mabonde yaliyoviringwa. Kipimo hicho kilienea nchini, hasa katika reli na viwanda, kikawa kama sarafu inayokubaliwa kila soko.

Wamarekani hawakukifuata. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza pembe ya digrii 60 na migongo iliyosawazishwa juu, kwa kuwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kukata na kupima. Huko Uingereza kwenyewe hesi za Whitworth zilionekana kuwa pana mno kwa mitambo itikisikayo, na mwaka 1908 zikaongezwa hesi nyembamba za pembe ile ile, ambazo mafundi huziita BSF. Kwa vyombo vidogo, kama saa na vifaa vya umeme, vilikuwako tayari vipimo vya BA, vyenye pembe ya digrii 47 na nusu. Basi mataifa mawili yaliyosema lugha moja yaliendelea kwa miaka mingi yakifunga vyuma vyao kwa lugha mbili, na tafsiri haikuwako. Hasara yake ilidhihirika katika Vita Kuu ya Pili, majeshi yao yalipopigana bega kwa bega na bolti za huyu zisiingie katika mitambo ya yule. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilipatana juu ya hesi moja ya digrii 60, na kutokana na mapatano hayo zikapata nguvu zile ziitwazo UNF na UNC.

MG TC ilizaliwa kabla ya mapatano hayo. Chasisi yake, kwa sehemu kubwa, imefungwa kwa BSF. Vifaa vya umeme na saa za dashibodi zimefungwa kwa BA. Mtu aweza kudhani kwamba injini nayo, kwa kuwa ni ya Kiingereza, itafuata mojawapo ya hizo. Haifuati. Injini ya XPAG ina hesi za milimita, za kipimo cha Kifaransa, katika gari la Kiingereza la miaka ya 1940.

Sababu yake ni kisa cha historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Hotchkiss, waunda silaha wa Ufaransa, ilianzisha kiwanda katika mji wa Coventry. Vita vilipokwisha, mashine zilibaki bila kazi, na kiwanda kikaanza kumwundia William Morris injini za motokaa. Mashine zile zilikuwa zimepangwa kukata hesi za milimita. Mwaka 1923 Morris alikinunua kiwanda chenyewe, pamoja na mashine zake na desturi zake. Lakini mnunuzi wa Kiingereza alikuwa na spana za Whitworth katika kisanduku chake, naye hakuwa tayari kununua nyingine. Basi bolti zile zikapewa vichwa vya kipimo cha Kiingereza juu ya shina la kipimo cha Kifaransa. Desturi hiyo ikarithiwa injini kwa injini hata ikaifikia XPAG, iliyotumiwa katika MG TB mwaka 1939, kisha katika TC. Bolti hizo ni kama mgeni aliyevaa nguo za wenyeji: ukimtazama huwezi kumtambua, mpaka aseme.

Msomaji atafakari hali ya mtu aliyenunua gari hili lililolala ghalani miaka arobaini. Wenye gari waliomtangulia walikuwa na haraka zao. Bolti ilipopotea walitia iliyokuwa karibu. Anapofungua, hukuta BSF mahali pake, UNF mahali pa BSF, na pengine bolti ya milimita ya siku hizi iliyoingizwa kwa nguvu katika tundu isilolijua. Bolti ya robo inchi ya BSF ina nyuzi 26 katika inchi moja. Ya UNF ina 28. Nati ya moja ikijaribiwa katika nyingine hukubali mizunguko ya kwanza kwa upole, kisha hushika. Asiye na subira huongeza nguvu ya mkono, akadhani amekaza, kumbe ameng'oa. Bolti ya robo inchi ya Whitworth na ile ya UNC zote zina nyuzi 20, kwa hiyo huingiliana pasipo ugomvi. Lakini pembe zao zatofautiana kwa digrii tano, nazo hugusana mahali pachache badala ya kushikana pote. Vile vile bolti nyingi za XPAG zenye unene wa milimita 8 zina hatua ya milimita 1 kutoka uzi hata uzi, hali bolti ya kawaida ya milimita 8 ya madukani leo ina hatua ya milimita 1 na robo. Katika nati kosa hilo hugharimu nati. Katika bloku ya injini hugharimu tundu lenyewe, na tundu halinunuliwi.

Spana nazo zina mtego wake. Spana ya siku hizi hutajwa kwa upana wa kichwa inachokishika. Spana ya Whitworth hutajwa kwa unene wa shina la bolti, hata mwenye kupima kichwa kwa rula huona namba iliyoandikwa haina maana. Tena wakati wa Vita Kuu ya Pili vichwa vya bolti vilipunguzwa kwa kipimo kimoja ili kuokoa chuma, na spana za baadaye zikaandikwa alama mbili, moja kwa desturi ya zamani na moja kwa desturi mpya. Spana isiyo yake hula pembe za kichwa, na kichwa kilicholiwa hutangaza mbele ya watu wote kwamba aliyepita hapa hakuwa fundi.

Kanuni ya kwanza ya utafutaji, basi, ni kutotupa kitu. Kila bolti itokayo hutiwa katika kikopo chake na kuandikwa mahali ilipotoka, hata kama imevunjika. Kwani bolti iliyovunjika bado yaweza kupimwa. Kanuni ya pili ni kupima kabla ya kununua. Kipimo cha meno, kile kifungu cha mabati membamba yaliyochongwa kama msumeno, huwekwa juu ya nyuzi mpaka lipatikane bati lisiloacha mwanga kupita. Kanuni ya tatu ni kusoma kichwa. Viwanda vingi viliandika jina au alama yake juu ya kichwa cha bolti, na herufi kama R ilionyesha nguvu ya chuma, ambayo katika daraja hilo ilikuwa tani 45 kwa kila inchi ya mraba. Bolti za mapatano ya mwaka 1948 zilitambulishwa kwa viduara vilivyogusana au kwa kishimo cha mviringo kichwani. Bolti iandikwayo 8.8 ni ya kipimo cha milimita cha siku za baadaye: namba ya kwanza yaonyesha nguvu ya nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili yaonyesha kwamba chuma hicho huanza kunyooka bila kurudi kifikapo sehemu nane za kumi za nguvu hiyo. Parafujo nayo hutoa ushahidi. Parafujo za mbao za TC zina mfuo mmoja ulionyooka. Kichwa chenye msalaba, ambacho Henry F. Phillips wa Portland, Marekani, alipata hati yake mwaka 1936, kikionekana katika kiunzi cha mbao cha gari hili, ni dalili ya mkono wa baadaye.

Bolti zenyewe hutafutwa katika masoko ya vyuma vya kale, kama lile la Beaulieu, Uingereza, lililoanza mwaka 1967, ambako watu hufukua makasha ya maduka yaliyofungwa na bohari zilizouzwa. Hutafutwa pia kwa wafanya biashara wachache ambao bado hukata BSF na hesi za milimita za XPAG. Ikiwa haipatikani kote huko, hukerezwa. Mkereza mwema huchukua kipande cha chuma cha pua cha nguvu ijulikanayo, akatoa katika kerezo lake bolti iliyo sawa na ile ya zamani kwa urefu, kwa uzi na kwa umbo la kichwa. Gharama yake yaweza kumstaajabisha asiyejua, maana bolti moja hula saa nzima ya mtu mzima mwenye ujuzi.

Baada ya umbo yaja mavazi. Bolti nyingi za zama zile zilipakwa kadimi, madini yaliyolinda chuma vizuri na kuipa bolti rangi tulivu ya kijivu. Kadimi ni sumu, na matumizi yake leo yamebanwa kwa sheria katika nchi nyingi, hivyo zinki imechukua mahali pake. Zinki mpya hung'aa kupita kiasi, na watengenezaji wengi huizimisha mng'ao wake ili isipige kelele. Hapa pana hatari isiyoonekana. Chuma chenye nguvu nyingi kikioshwa kwa asidi na kupakwa kwa umeme hunywa haidrojeni, nayo hukifanya kiwe chepesi kukatika ghafula, pengine siku kadhaa baada ya kukazwa. Dawa yake ni kukioka kwa saa kadhaa katika joto la karibu digrii 200 mara baada ya kupakwa. Mwenye kupeleka bolti zake kupakwa bila kuuliza habari hiyo amenunua uzuri kwa shingo yake.

Wengine hukimbilia chuma kisichoshika kutu. Kwa kifuniko au kibati hakina ubaya. Lakini aina yake ya kawaida huwa dhaifu kuliko chuma kilichokusudiwa katika usukani na breki, na nati yake huweza kung'ang'ania bolti yake isitoke tena. Tena hung'aa daima, wala gari la mwaka 1948 halikung'aa hivyo hata siku lilipotoka kiwandani.

Basi hapa ndipo penye mgogoro wa kweli, na watu wa kazi hii wamegawanyika. Wako wasemao kwamba gari la kale ni hati ya historia, na kila bolti iliyobadilishwa ni neno lililofutwa. Hao hutaka bolti ile ile ya zamani isafishwe na kurudishwa. Wako wajibuo kwamba gari ni chombo cha kwenda, na mtu hapaswi kuweka maisha yake, wala ya mpita njia, juu ya kipande cha chuma kilichovutwa na kutikiswa kwa miaka sabini. Wote wawili wana haki. Chuma huchoka, ufa mwembamba huanzia katika bonde la uzi, ambako jicho halifiki, na bolti ya mkono wa pistoni au ya usukani haitoi taarifa siku itakapokatika. Lakini ni kweli pia kwamba gari lililofungwa lote kwa bolti za 8.8 limepoteza ushahidi wa namna lilivyoundwa, na kisa cha Coventry hakisomeki tena ndani yake.

Wako na watu wa tatu, ambao hutia bolti mpya kisha hukwangua alama ya kichwa ili ionekane ya kale. Hao wameyapoteza mema yote mawili. Alama ile ilikuwa ahadi ya nguvu. Ikiondolewa, fundi ajaye hajui anashika nini. Atakayenunua gari hilo kesho ataambiwa uongo na kitu kisicho na ulimi. Kufananisha si kosa. Kosa ni kufananisha na kuficha.

Swali hili ni la kale kuliko motokaa. Plutarch aliandika habari za merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ni merikebu ile ile au siyo. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wangeweza kuongeza neno katika ubishi huo. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari. Mtepe uliobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine, na kila ubao ukashonwa kwa kamba, ungebaki kuwa mtepe. Lakini mtepe ambao mbao zake zote ni za asili, na kamba zake zikaondolewa ili utiwe misumari, ungekuwa chombo kingine. Yaelekea basi kwamba kitu hukaa katika namna kilivyounganishwa pengine kuliko katika vipande vyake. Hii ndiyo hoja iliyo bora ya mtafutaji wa bolti za zama, wala haihitaji kwamba chuma chenyewe kiwe kikongwe.

Kutoka hoja hiyo hupatikana njia ya kupita kati ya wale wawili. Mahali pasipobeba uhai wa mtu, kama vishikio vya taa, mbao za sakafu na vifuniko, bolti ya zamani isafishwe na kurudishwa, hata ikiwa na makovu. Mahali pabebapo uhai, kama usukani, breki, magurudumu na viungo vya ndani vya injini, itiwe bolti mpya iliyokatwa kwa uzi ule ule na kichwa kile kile, kwa chuma ambacho nguvu yake imethibitishwa, na nati zenye kufungwa kwa pini zipewe pini mpya kila zifunguliwapo. Bolti ya zamani iliyotoka mahali hapo isitupwe. Iwekwe katika mfuko pamoja na karatasi isemayo ilitoka wapi. Na yote yaandikwe katika daftari la gari. Mkataba wa Turin wa mwaka 2012, uliotolewa na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, nao wataka kwamba kazi ifanywayo juu ya gari la historia iwekewe kumbukumbu. Daftari la namna hiyo halipunguzi thamani ya gari. Laiongeza, kwa kuwa aliye na daftari hana la kuficha.

Wasomi wanaochapisha maandishi ya kale wanaijua kazi hii kwa jina lingine. Mhariri akutaye katika mswada wa utendi neno lililoliwa na mchwa aweza kuliacha pengo, aweza kulijaza na kusema amelijaza, au aweza kulijaza na kunyamaza. Njia ya kwanza ni ya uaminifu na ya pili ni ya msaada. Ya tatu huharibu mswada ingawa huupendezesha, kwa kuwa baada yake hakuna ajuaye lipi ni la mtungaji na lipi ni la mhariri. Lugha yenyewe huhifadhi bolti za zama. Mswahili asemapo parafujo hutumia neno lililotoka kwa Wareno. Asemapo bolti, nati na spana hutumia maneno ya Waingereza. Na hakuna aonaye haja ya kuyang'oa ili yote yawe ya namna moja. Yamekaa mahali pake, yanafanya kazi, na yanaeleza nani alipita.

Mtu aliye na miaka miwili katika kazi hii, akiwa bado hajapata bolti kumi na mbili za kichwa cha Kiingereza na shina la Kifaransa, huulizwa mara nyingi kwa nini asipanue matundu akatia za dukani akamaliza. Gari lingekwenda, na watazamaji mia wangelipita bila kujua. Walakini matundu yakishapanuliwa hayarudi, na atakayelifungua gari hilo baada ya miaka hamsini atasoma ndani yake haraka ya mtu mmoja mahali palipokuwa na habari za viwanda viwili na mataifa mawili. Kungoja bolti kumi na mbili ni gharama ndogo ukilinganisha na hiyo.